Nyumba Yenye Pepo, au Nyoyo Zenye Khofu?

 Twawaeleza ndugu zetu wasomaji jambo lililotupata safarini, kwani ndani yake mna mafunzo yatufaayo sisi watu wa pwani kabla ya kuwafaa watu wengine.

Tulialikwa na ndugu zetu wa Ruiri, mji mdogo ulioko katika nchi ya Meru, tukawasomeshe siku tatu. Waislamu wa huko ni wachache kwa hisabu, lakini wana hamu ya elimu ambayo sisi tulio na misikiti kila kichochoro twapaswa kuionea haya. Usiku wa pili, baada ya sala ya Isha, alitujia mtu mmoja mchuuzi wa nafaka, ambaye mkewe ni mwana wa pwani kama sisi, akatuomba tufike kwake tukamsomee mwanawe. Tukaenda. Tulimkuta mtoto wa miaka kumi na moja amelazwa, mwili wamuwaka moto, anahema kwa shida, na kila avutapo pumzi mbavu zaingia ndani. Shingoni alikuwa na hirizi tatu. Chini ya kitanda palikuwa na chetezo cha ubani, na juu ya kiti cheupe kikombe cha chai ya maziwa na kipande cha mkate wa siagi, navyo havikuguswa.

Tuliuliza: Chai hii ni ya nani? Tukaambiwa: Ni ya Mzungu.

Khabari ilikuwa hivi. Mtoto alikwenda matembezi na wanafunzi wenzake hata Njoro, karibu na Nakuru, wakatazama ile nyumba kubwa iitwayo Ngome ya Lord Egerton, ambayo sasa ni makumbusho. Watoto wakubwa wakawatia wadogo khofu: kwamba bwana wa nyumba hiyo, aliyekufa zamani, hutembea vyumbani usiku, na amtazamaye machoni humfuata kwake. Siku hiyo mvua iliwanyeshea, wakarejea usiku kucha na nguo mbichi. Siku ya tatu mtoto akashikwa na homa. Akaitwa fundi wa pepo, akatazama, akasema kuwa huyu ana pepo wa Kizungu, na pepo huyo ataka kiti chake, chai yake, mkate wake, shuka nyeupe na mbuzi. Vyote vikatolewa. Siku tisa zikapita, na kila siku pepo akiongeza haja yake, na mtoto akipungua pumzi zake.

Tulimwambia yule ndugu yetu: Kusoma tutasoma, lakini tutasomea njiani. Gari la jirani likapatikana, tukampeleka hospitali usiku ule ule. Madaktari wakasema ni homa ya mapafu, nayo imekwisha kuenea. Wakamtia hewa ya puani na sindano za dawa. Alikaa huko siku kumi na moja, na Mwenyezi Mungu akamrudishia uzima wake. Daktari mmoja alitwambia kwa upole kuwa lau angechelewa siku mbili nyingine, tungemchukua kwa jeneza.

Asubuhi, katika ua wa hospitali, hasira zetu zilikuwa bado hazijatulia. Tukamwambia mama wa mtoto maneno makali kidogo juu ya ushirikina na ujinga. Alitusikiliza mpaka tukamaliza. Kisha akasema kwa adabu, macho yake yakitazama chini: "Sheikh wangu, mimi sina elimu. Lakini hirizi ya kwanza nilivishwa nikiwa mchanga, na aliyeiandika ni mwalimu wa chuo. Mtaani kwetu mlikuwa na nyumba kuukuu, na aliyetukataza tusipite hapo magharibi kwa kuwa ina wenyewe alikuwa mwalimu huyo huyo. Nilipoumwa nikaletewa kombe, na kombe likilipiwa. Je, haya niliyoyafanya nimejifundisha kwa nani?"

Wallahi, hatukuwa na jawabu. Tulinyamaza, kwa kuwa alilolisema ni kweli. Na sisi wenyewe tunaoandika maneno haya, tulipokuwa vijana chuoni, tuliwahi kukaa kwenye jamvi tukimwandikia mwalimu wetu hirizi kwa zafarani, nasi hatukuuliza huyu mgonjwa ana maradhi gani, wala kama ameonwa na tabibu. Tulikuwa tukiuliza fedha imekwisha tolewa au bado. Twamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie. Basi waraka huu hatukuuandika kumkemea mama yule. Twauandika kulipa deni.

Tulikuwa na miadi na ndugu zetu wa Nakuru, na kwa hivyo tuliazimia kupita Njoro tukaione nyumba hiyo kwa macho yetu, ili tusiseme juu ya tusilolijua. Nyumba ni kubwa kweli, ya mawe ya kuchongwa, imejengwa kwa mfano wa majumba ya mabwana wa Kiingereza wa karne zilizopita. Ina vyumba zaidi ya hamsini, ngazi pana na ukumbi wa dansi. Mwenyewe alikuwa Maurice Egerton, aliyezaliwa mwaka 1874, zama za Malkia Victoria, naye ndiye wa nne na wa mwisho kushika cheo cha Baron Egerton wa Tatton. Alianza kuijenga mwaka 1938, vita vikuu vya pili vikaikatiza kazi, ikamalizika mwaka 1954. Mwaka 1958 akafa. Hakuacha mke wala mtoto. Husimuliwa kuwa aliijenga kwa ajili ya mwanamke aliyemtaka naye akamkataa. Na hayo ni masimulizi ya watu, sisi hatuyachukui kuwa ni ushahidi.

Tulipokuwa juu, tukasikia kishindo kikubwa upande wa pili. Watoto wa shule waliokuwako wakapiga kelele, na mmoja wao, asiyetujua wala sisi hatumjui, akashika kanzu yetu kwa mikono miwili. Twakiri kuwa moyo wetu pia ulishtuka. Kijana mtembezaji akaenda, akarudi akicheka: upepo umeupiga mlango. Tukamchukua yule mtoto kwa mkono mpaka kwenye mlango wenyewe, tukamwambia: Ufungue, kisha uufunge. Akaufungua, akaufunga, khofu ikamtoka. Laiti yule wa Ruiri angalipata mtu wa kumshika mkono hivi!

Sasa, ndugu zetu, mas'ala ni matatu, na kila moja lina jawabu lake.

La kwanza: Je, majini wapo? Naam, wapo. Sisi si katika wanaokanusha yaliyoelezwa na Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Ni viumbe walioumbwa kwa moto, wamo miongoni mwao wema na wabaya, nao watahisabiwa kama sisi. Lakini Kitabu hicho hicho kimetueleza mambo mawili ambayo waganga hawapendi yasomwe. Katika Sura ya Al-Jinn tumefahamishwa kuwa walikuwako wanaadamu wakijikinga kwa majini, na kujikinga huko hakukuwazidishia ila taabu. Huyu atakaye chai leo, kesho ataka mbuzi, na keshokutwa ataka ng'ombe. Taabu haipungui, huzidi. Na katika Sura ya Saba tumeelezwa khabari ya Nabii Suleiman (a.s.), ambaye majini walitumikishwa kwake katika kazi nzito, wakimjengea. Alipokufa alibaki ameegemea fimbo yake, nao waliendelea kutaabika wakimdhania yu hai, mpaka mdudu wa ardhini alipoila fimbo hiyo akaanguka. Hapo ikabainika kuwa lau majini wangalikuwa wajua ya ghaibu, wasingalikaa katika adhabu ile. Basi zingatieni: mchwa aliyejua kazi yake ya kula mti ndiye aliyefichua jambo ambalo majini wote hawakulijua. Vipi leo tuwaulize majini maradhi ya watoto wetu, na hali tabibu yuko?

La pili: Je, waliokufa hurudi wakatembea katika nyumba zao? La, hawarudi. Katika Sura ya Al-Muuminun tumeelezwa kuwa mtu yanapomfikia mauti huomba arudishwe ili atende mema aliyoyaacha, naye hakubaliwi, na mbele yake ni barzakh mpaka siku ya kufufuliwa. Ikiwa anayelia kurudi ili aswali rakaa mbili hakupewa ruhusa, ataruhusiwaje mwingine arudi kutisha watoto na kunywa chai ya maziwa? Bwana yule wa Njoro amekwenda kwenye hisabu yake, naye ana shughuli kubwa kuliko kutembea ngazini. Na sisi pia twaiendea shughuli hiyo.

La tatu: Je, yafaa kuzuru nyumba hizi za watu waliopita? Hapa pana mafunzo mazuri. Katika safari ya Tabuk, mwaka wa tisa wa Hijra, Mtume (s.a.w.) alipita na jeshi lake Al-Hijr, kwenye majumba waliyoyachonga Thamud majabalini. Aliwakataza Masahaba wasiingie makazi ya watu hao waliojidhulumu nafsi zao, ila wawe katika hali ya kulia, wasije wakasibiwa na lililowasibu wenyewe. Angalieni neno hili. Hakuwaambia wakimbie kwa kuwa mna majini. Hakuwaambia wachome ubani au waache nazi mlangoni. Khofu aliyowatia ni khofu ya dhambi ile ile iliyowaangamiza wenye nyumba. Kwa Muislamu, basi, nyumba tupu yaweza kuwa ya kutisha; lakini kitishacho ndani yake ni mazingatio, si pepo.

Ukiitazama ngome ya Njoro kwa jicho hilo, utaona mengi. Utaona ardhi ya nyanda za juu ambayo wenyewe walizuiwa wasiimiliki ikatengewa Wazungu, na hiyo ni dhuluma isiyohitaji mzimu kuishuhudia. Utaona mtu aliyejenga miaka mingi akakaa miaka minne. Na utaona jambo la tatu: kwamba mwaka 1939 mtu huyo huyo alianzisha skuli ya ukulima, hapo mwanzo kwa ajili ya walowezi wa Kizungu, nayo leo ni chuo kikuu wasomamo watoto wa nchi hii, wa dini zote. Vyumba hamsini vimebaki vya kutazamwa kwa kiingilio, na darasa limebaki likifanya kazi. Mwenye akili na apime kipi katika viwili hivi kina uhai.

Wala tusidhani kuwa khofu hii ni ya watu wa Afrika peke yao. Huko Marekani, katika mji wa San Jose, iko nyumba ya Sarah Winchester, mjane wa mtu wa kampuni ya bunduki za Winchester. Ujenzi wake ulianza mwaka 1886, ikawa na vyumba zaidi ya mia na hamsini, ikiwamo ngazi ipandayo mpaka darini isifike popote. Ikavumishwa kuwa mizimu ya waliouawa kwa bunduki hizo ilimwandama, na kwamba akisita kujenga atakufa. Waliochunguza maisha yake hawakuona ushahidi wa maneno hayo. Lakini alikufa mwaka 1922, na mwaka 1923 nyumba ikafunguliwa kwa watazamaji walipao, na inalipiwa hata leo. Basi tofauti ya huko na huku ni moja tu: huko khofu huuzwa kwa tiketi, na huku huuzwa kwa mbuzi. Na mwenye tiketi hurudi kwake salama.

Sasa twarudi kwetu, kwani maneno haya hasa ni yetu. Nani asiyeijua Gede, karibu na Malindi? Ule ni mji wa Waislamu, wenye msikiti wa Ijumaa, visima, jumba la mtawala na makaburi, na kaburi moja limeandikwa mwaka 802 wa Hijra, ambao ni 1399 wa Miladi. Ulihamwa katika karne ya 17, na wataalamu wametaja sababu zake: vita, na maji ya visima kushuka. James Kirkman, Mwingereza aliyeuchimbua tangu mwaka 1948 mpaka 1958, hata yeye na elimu yake alieleza kuwa alihisi kama kuna kitu kikimtazama nyuma ya kuta. Naye alifanya nini? Hakukimbia, alichimba miaka kumi. Akatoa vyombo vya Uchina na shanga za nchi za mbali, akauonyesha ulimwengu kuwa watu wetu walikuwa na mji na biashara na dini. Mwaka 2024 Gede ikaandikwa katika urithi wa dunia.

Na sisi tulifanya nini? Tulisema: Mna majini, msiingie. Mahali ambapo babu zetu waliweka vipaji vyao chini kumsujudia Mola wao, tumepageuza katika masimulizi yetu kuwa makao ya mapepo. Na Mombasa, kwenye nguzo ya Mbaraki, watu wamezoea kupeleka marashi na ubani kumwomba shetani wa nguzo, na hali msikiti uko hapo hapo pembeni. Ewe ndugu, unapita mlango wa msikiti ukaliombe jiwe! Tena Unguja, Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sayyid Barghash, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, likaua watu wawili waliokuwa kazini. Jumba kongwe huangushwa na maji, chumvi, mchwa na kuchelewa kutengenezwa. Lau fedha zetu za ubani na mbuzi zingaliingia katika chokaa na boriti, majumba mengi ya wazee wetu yangalikuwa yamesimama, na misikiti yetu isingalivuja.

Huenda msomaji akatwambia: Je, mwakataza kusoma Kur'ani kwa mgonjwa? Hasha! Mtume (s.a.w.) alikuwa kila akilala husoma Sura tatu, Ikhlas na Falaq na Nas, akapuliza viganjani na kujipangusa mwili. Na Ayat al-Kursi ni ngome bora kuliko ngome yoyote ya mawe. Hizi ni za bure. Mama aweza kumsomea mwanawe mwenyewe bila ya fundi wala chetezo. Tulilolikataza ni kuifanya dini kuwa kizuizi cha dawa, na hali Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha watu wajitibu, akawafahamisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa yake. Na huenda akatwambia mwingine: Wako wanazuoni walioruhusu kuvaa kilichoandikwa Kur'ani tupu. Naam, twajua, na hatuwavunjii heshima. Lakini wako wengine walioikataza hata hiyo, na sisi tumeona kwa macho yetu inakotufikisha: hirizi moja ya Kur'ani huita ya pili yenye namba na majina yasiyojulikana, na ya pili huita mbuzi, na mbuzi humzuilia mtoto mlango wa hospitali. Kuuziba mlango huo ndiyo salama ya dini zetu na ya watoto wetu.

Kwa hivyo twawanasihi ndugu zetu mambo haya. Enyi walimu wa vyuo, msiwatishe watoto kwa majini ili wakae kimya. Mtoto huyo atakuwa mama kesho. Mgonjwa akiletwa kwenu, swali lenu la kwanza liwe: Amekwisha onwa na daktari? Enyi wazazi, mtoto mwenye homa na kuhema mbio hangojwi hata usiku mmoja. Wapelekeni watoto wenu Gede, Ngome ya Yesu na majumba ya kale, mchana, mkiwashika mikono, muwaeleze nani walijenga, nani walidhulumiwa, na wote wako wapi sasa. Na penye mlango uliogonga, mwendeni nao mpaka mlangoni.

Yule mtoto wa Ruiri alipotoka hospitali baba yake alitupigia simu. Alitwambia kuwa hirizi zote tatu zimekatwa, na aliyezikata ni mama yake kwa mkono wake mwenyewe. Tena mama huyo ametuma neno, nalo ni hili: "Mwambieni Sheikh kiti cheupe sasa mwanangu hukalia kusoma." Tulifurahi, kisha tukaona haya, kwani yeye alilifanya kwa siku kumi na moja lile ambalo sisi tulichukua miaka kulitamka hadharani.

Ewe Mola wetu, tutoe khofu ya visivyodhuru, na ututie khofu yako Wewe peke yako. Tughufirie tulichokiandika kwa tamaa, na utuandikie thawabu kwa tulichokiandika kwa haki. Waponye wagonjwa wetu, warehemu waliotutangulia, na uzijaze nyumba zetu utajo wako ili zisipate nafasi ya vitisho. Amin.